Kabla ya kusema wamerogwa, tuulize nyumbani kuna nini

Walimu wa shule za bweni za wasichana katika nchi hii wanaijua habari hii, hata kama hawaisimulii hadharani. Msichana anaanguka darasani ilhali hana homa wala jeraha. Miguu inakataa kumbeba, au anapiga mayowe usiku wa manane, au analia pasi na kikomo. Leo ni mmoja, kesho watatu, na kabla ya juma kwisha bweni zima limeshikwa. Ndipo watu wazima tunapogawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema wasichana wamerogwa, likaitisha maombi au mganga. Kundi la pili husema huo ni ujanja wa watoto wavivu wanaoogopa mtihani, likaitisha kiboko. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba makundi yote mawili yanalikimbia swali moja, nalo ni hili: binti huyu ametoka katika nyumba gani, na nyumbani humo kuna nini?

Tuanze na mfano wa karibuni. Mnamo Oktoba 2023, shule ya wasichana ya St Theresa's Eregi katika Kaunti ya Kakamega ilifungwa kwa muda baada ya wanafunzi zaidi ya 60 kushindwa kutembea sawasawa na kupelekwa hospitalini. Picha za wasichana wakiyumbayumba, miguu ikiwatetemeka, zilienea katika simu za watu wengi. Yakasemwa mengi: sumu, virusi, mapepo. Sampuli zikapelekwa maabara. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa na maafisa ni kwamba huo ulikuwa mshtuko wa kihisia ulioenea kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine wakati mitihani imekaribia. Wengi niliowasikia wakiyajadili maelezo hayo waliyapokea kwa hasira, kana kwamba kusema maradhi yametokana na hisia ni sawa na kusema mgonjwa anadanganya.

Waama, jambo hili si geni katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni pale Kashasha, kiasi cha maili 25 kutoka mji wa Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa na hali hiyo, na shule ikafungwa. Ilipofunguliwa tena Mei 21, wengine 57 wakashikwa, ikalazimika kufungwa kwa mara ya pili. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ilisafiri nao. Katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa, na shule nyingine kadhaa za jirani nazo zikaguswa.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliichunguza hali hiyo na kuchapisha ripoti yao mwaka 1963. Walitafuta viini vya maradhi katika damu na sumu katika chakula, hawakuona. Waligundua, hata hivyo, jambo moja ambalo kila mwalimu apaswa kulitafakari. Walimu wa shule hiyo, Waafrika kwa Wazungu, hawakushikwa hata mmoja. Chakula walichokula na hewa waliyoivuta ilikuwa ya mahali pale pale. Kilichowatenga na wanafunzi ni kwamba wao hawakuwa wasichana wa miaka 12 hadi 18 waliotolewa majumbani mwao na kuwekwa chini ya amri za bweni.

Ulimwengu umekuwa ukiisimulia habari ya Kashasha kama kichekesho. Mwaka 2007, mwanaisimu mwenzetu Christian Hempelmann aliipitia upya na kuonyesha kwamba kicheko kile hakikuwa cha furaha, wala hakikuwa cha mfululizo kama inavyodaiwa. Kilikuja na kwenda, kikichanganyika na kilio, hofu, na kukimbia ovyo. Kwa maoni yake, hao walikuwa watoto walioshikwa na shinikizo lisilo na mlango wa kutokea. Tukumbuke kuwa Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, muda usiotimia miezi miwili kabla ya kicheko hicho kuanza. Matumaini ya wazazi juu ya mtoto aliyeko shuleni yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Msichana alibeba ndoto za ukoo mzima, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba mzigo huo ni mzito. Mwili ukasema yale ambayo kinywa hakikuruhusiwa kuyasema.

Naomba msomaji asidhani kwamba nazungumzia visa vya ajabu tu. Kwa kila bweni linalopiga mayowe, kuna wasichana wengi wanaoteseka kimya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya, uliotoa matokeo yake mwaka 2022, ulionyesha kwamba takriban vijana 44 katika kila 100 wa umri wa miaka 10 hadi 17 walikuwa wamepatwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Takriban 12 katika kila 100 walikuwa na hali iliyotimiza vigezo vya maradhi kamili. Katika darasa la wanafunzi 50, hesabu hiyo ni sawa na wanafunzi sita. Aidha, wataalamu wamekubaliana kwamba kuanzia umri wa kubalehe, ugonjwa wa sonona huwapata wasichana takriban mara mbili ya unavyowapata wavulana.

Mimi ni mtu wa Katito. Kazi yangu ni kufundisha isimu chuo kikuu, lakini likizo zangu nyingi nimezitumia huku nyumbani, na walimu wa shule za jirani hunialika mara kwa mara kuzungumza na wanafunzi kuhusu lugha. Asiyepajua Katito na afahamu kwamba ni soko la njia panda. Barabara itokayo Ahero hupita hapa kuelekea Sondu na Kisii, na nyingine huchepuka kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Upande mmoja kuna miinuko ya Nyabondo. Upande wa pili ardhi hushuka kwenye tambarare hadi ziwani. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka kutoka juu, yakachimba makorongo kama yale ya Katuk Odeyo, na huko chini yakaingia majumbani. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliifanya serikali iahirishe ufunguzi wa shule nchini kote hadi katikati ya Mei. Wengine waliona hiyo ni likizo ya nyongeza. Kwa msichana wa tambarare hii, yalikuwa majuma ya kulala mahali pasipo mlango, kulea wadogo zake, na kujiuliza vitabu vyake vilielea hadi wapi.

Ninapozungumza na wasichana hawa baada ya mihadhara, ninachokisikia si hadithi za mapepo. Ni hadithi za nyumba. Kuna anayelelewa na bibi yake kwa kuwa wazazi wote wawili wamefariki. Hilo si ajabu katika kaunti ambayo, kwa mujibu wa takwimu za taifa za mwaka 2018, kiwango cha maambukizi ya virusi vya ukimwi miongoni mwa watu wazima kilikuwa asilimia 17.5, ilhali cha nchi nzima kilikuwa 4.9. Kuna ambaye baba yake yuko Nairobi au katika mashamba ya chai ya Kericho, ana nyumba nyingine huko, na simu yake huja mara moja kwa muhula kuuliza alama. Kuna mtoto wa kwanza ambaye kila likizo huvua sare ya shule na kuvaa umama: apike, ateke maji, augue mgonjwa, kisha aulizwe kwa nini amekuwa wa 30 darasani. Kuna ambaye wazazi wake hawasemezani, nao humtumia yeye kama mjumbe. "Mwambie baba yako karo haijalipwa." "Mwambie mama yako auze mbuzi." Mtoto huyo hubeba maneno makali kutoka chumba hiki hadi kile, na hakuna ajuaye ni kiasi gani cha ukali huo hubaki ndani yake.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye sitamtaja yeye wala shule yake, alikuwa amepoteza usingizi kwa majuma kadhaa. Matroni alikuwa amempa dawa za kichwa mara nyingi. Nilipomwuliza kwa Kiingereza hali yake, alinijibu kwa Kiingereza safi kwamba yu mzima. Nikamwuliza kwa Kiswahili, akasema hajambo. Nilipomwuliza kwa Kijaluo, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Chunya chandore." Maana yake ni kwamba moyo wake unataabika. Baada ya maneno hayo mawili yalifuata mengine kwa muda wa saa nzima. Karo ilikuwa imekwama, mama yake alikuwa ameondoka nyumbani baada ya ugomvi, na yeye alikuwa ameagizwa asimwambie mtu yeyote.

Hapa ndipo taaluma yangu inapokutana na suala hili, na naomba walimu wenzangu wanivumilie kidogo. Kwanza, tuzitazame salamu zetu. Mtu akiambiwa "Hujambo?", jibu ni "Sijambo," yaani sina jambo. Kwa muundo wake, jibu hilo ni kanusho. Lugha yenyewe imeshamkatia mtu njia ya kusema kwamba analo jambo. Kadhalika, "Habari?" hujibiwa "Nzuri" hata na aliyefiwa usiku uliopita. Katika Kijaluo mtu huulizwa "Ithi nade?" naye hujibu "Adhi maber," yaani naendelea vyema. Huo ni uungwana, na sipendekezi tuuache. Lakini wenye lugha wanajua kwamba habari yenyewe huja baadaye, nyuma ya kijineno kimoja kidogo: "Nzuri, ila..." Mwalimu anayesalimu huku akitembea hupata "nzuri" na kwenda zake. Mwalimu anayesimama hupata "ila".

Pili, tuyatazame majina tunayoyapa maradhi yenyewe. Ukisema "maradhi ya akili" katika soko la Katito, anayesikia kwa Kijaluo hufikiria neko, na mgonjwa wake ni janeko, yule anayetembea uchi barabarani akiokota makaratasi. Katika Kiswahili mambo si tofauti: wazimu, kichaa, mwehu. Ni msichana gani atakayekubali kujiweka katika kundi hilo? Lakini lugha zetu si maskini kama tudhanivyo. Kijaluo kina parruok, hali ya kuwaza na kuhangaika. Maumivu ya kichwa huitwa wich bar, yaani kichwa kupasuka, na si mara zote kinachopasuka ni kichwa. Kiswahili kina sonona, jakamoyo, kihoro, simanzi, majonzi, unyonge, fadhaa. Kila neno na mahali pake. Tunayo akiba ya maneno ambayo mtu anaweza kuyatumia asijione amevuliwa nguo. Tumeiacha katika kamusi.

Tatu, na hili ni la kuudhi zaidi, bado zipo shule ambazo mwanafunzi anayekutwa akizungumza lugha ya mama huvishwa kibao shingoni au huadhibiwa kwa namna nyingine. Siwalaumu walimu wanaotaka watoto wajue Kiingereza. Mtihani ni wa Kiingereza. Hata hivyo, msichana akishaelewa kwamba lugha aliyolilia utotoni ni kosa katika ua wa shule, ataelewa pia kwamba yale yanayosemeka kwa lugha hiyo ni kosa. Atajifunza kuyanyamazia. Maadam tunampa lugha ya kufanyia hesabu, tumwachie na lugha ya kusemea moyo.

Wazee wetu hawakuwa na madaktari wa nafsi, lakini walikuwa na mahali pa mazungumzo. Miongoni mwa Wajaluo palikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim. Wasichana wa boma walilala huko wakisimuliwa ngano, wakitegeana vitendawili, wakifunzwa mambo ya ukubwa. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameandika kuihusu katika kitabu chao juu ya Siaya kilichotoka mwaka 1989. Pwani nako alikuwako somo, mwanamke aliyemfunda msichana anapovunja ungo na ambaye uhusiano wao ulidumu maishani. Sidhani ni bahati tu kwamba neno hilo hilo, somo, ndilo tunalolitumia kwa kile kinachofundishwa darasani. Kwa wahenga wetu, somo lilikuwa ni mtu kabla ya kuwa kipindi katika ratiba.

Sitaki kuipamba kale kupita kiasi. Katika siwindhe msichana alifundishwa pia kunyamaza mbele ya mume na kuolewa mapema, na hakuna atakaye hayo yarudi. Nisisitize sifa moja tu ya taasisi hiyo. Pim na somo hawakuwa mama wa msichana. Hawakuwa na deni la karo naye, hawakuwa upande wowote katika ugomvi wa wazazi wake, wala hawakuwa na mamlaka ya kumfukuza shule. Ndiyo sababu msichana aliweza kuwaambia mambo. Leo tumempeleka bwenini, tukamtenga na bibi yake, na mahali pa pim tukaweka mwalimu wa ushauri nasaha ambaye katika shule nyingi ana vipindi vyake kamili vya kufundisha, na wakati mwingine yeye huyo huyo ndiye mwenye kuandika barua za kumsimamisha mwanafunzi. Nani atamwambia hakimu siri yake kabla ya kesi?

Wenzetu wa Zimbabwe wameliona jambo hili mapema. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafunza namna ya kumsikiliza mtu aliyelemewa, wakiketi naye kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakutumia istilahi za Kizungu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, ambalo msomaji wa Katito atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa parruok. Matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 573 yalichapishwa mwaka 2016, nayo yalionyesha kwamba walioketi na akina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Hapa kwetu Kenya, kijana Tom Osborn na wenzake walianzisha mpango unaoitwa Shamiri. Sisi wanaisimu tunalijua neno hilo kupitia istilahi ya shamirisho. Katika matumizi ya kawaida, kushamiri ni kustawi. Vijana waliomaliza shule si muda mrefu uliopita hukutana na makundi ya wanafunzi wa sekondari mara moja kwa juma, kwa majuma manne, wakizungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ayathaminiyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililowahusisha vijana 413, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Nataja mifano hii miwili ili kumjibu anayesema kwamba hatuwezi kufanya lolote hadi serikali ilete madaktari. Bibi na dada mkubwa tunao tayari.

Najua kuna watakaosema kwamba haya ni maradhi ya kuiga, kwamba wasichana wa zamani walivumilia shida kubwa kuliko hizi wala hawakulalamika. Nawajibu kwamba walilalamika. Sisi ndio tuliokuwa na jina jingine la malalamiko yao. Mjaluo wa zamani alisema mwanamke ameshikwa na juogi, mtu wa pwani akasema ana pepo, na palipigwa ngoma, jamaa wakakusanyika, na mgonjwa akapewa kwa siku chache nafasi ya kusema na kudai ambayo hakuwa nayo siku nyingine zote za mwaka. Jamaa hao, hata walipokosea chanzo, walifanya jambo moja la busara. Walikusanyika. Sisi tunaosema ni ujanja tu hatukusanyiki hata kidogo.

Sasa niseme yale ambayo naona yanawezekana bila fedha nyingi.

Kwa walimu: mtenganisheni mshauri na mwenye kuadhibu, wasiwe mtu mmoja. Mpeni mshauri saa zake katika ratiba na chumba chenye mlango unaofungika. Ruhusuni lugha yoyote ndani ya chumba hicho. Siku ya wazazi kutembelea shule, msiwaangalie tu waliokuja na sufuria za wali na kuku. Waandikeni wale ambao hawakutembelewa, na siku ya pili mketi nao. Msichana anayeenda kwa matroni kila juma kuomba dawa ya kichwa au ya tumbo, na dawa haimsaidii, aulizwe juu ya nyumbani. Wanapoanguka wengi kwa pamoja, watenganisheni kwa upole, msiwapige picha, msiwatukane, na waiteni wahudumu wa afya wahakikishe kwanza kwamba hakuna maradhi ya mwili. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu tangu mwaka 2001. Na msichana aliyepata mimba ana haki ya kurudi masomoni kwa mujibu wa sera iliyoanza mwaka 1994 na kuimarishwa mwaka 2020. Mlango wa shule ukifungwa mbele yake, tusishangae akidhani kwamba milango yote imefungwa.

Kwa wazazi na walezi: msimfanye mtoto mjumbe wa ugomvi wenu. Mkiwa mmeshindwa na karo, mwambieni ukweli, kwa kuwa ataijua aibu hiyo siku atakaposimamishwa mbele ya wenzake. Pigeni simu siku moja ambayo hamtauliza alama. Baba aliye mbali asidhani kwamba kutuma fedha ni kulea. Fedha hulipa karo, haiulizi "ila" yake i wapi. Na msimwamrishe mtoto kuficha jambo la nyumbani ambalo linamla. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Kwa wanafunzi wenyewe, mabinti wanaoyasoma haya katika maktaba ya shule: kuzidiwa na mawazo si wazimu, wala si dhambi, wala si uvivu. Ukikosa usingizi kwa majuma mawili, chakula kikikosa ladha, ukiona vitu ulivyovipenda havikugusi tena, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Akikupuuza, mwambie wa pili. Rafiki yako akikunong'oneza kwamba hataki kuishi tena, hiyo si siri ya kutunzwa. Mwulize waziwazi, usimwache peke yake, na mwite mtu mzima siku hiyo hiyo. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humwonyesha kwamba ameonekana. Simu ya watoto ya 116 hupigwa bila malipo. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wazee wetu bado huiita Russia, ina wahudumu wa afya ya akili. Na asikutishe mtu kwa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka katiba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa.

Kwa wakuu wa kaunti na wizara: tunahitaji maneno kabla ya mabango. Kila dodoso la kupima huzuni ya wanafunzi lipitiwe na watu wanaoijua lugha ya mahali hapo, si kutafsiriwa ofisini neno kwa neno. Mhudumu anayemwuliza msichana wa Nyakach kama ana "maradhi ya akili" atapata "hapana" mia moja kwa mia. Akimwuliza kama moyo wake unataabika, atapata takwimu za kweli. Na akina bibi wa vijiji hivi, ambao wamelea mayatima wa kizazi kizima bila mshahara, wafunzwe na kualikwa shuleni hata kama ni alasiri moja kwa muhula. Wamekwisha kufaulu mtihani ambao wengi wetu hatujaufanya.

Msichana akija kwako asubuhi na kusema kichwa kinampasuka, mpe dawa, na mpe kiti. Kisha mwulize nani amebaki nyumbani, nani ameondoka, na nani anamngoja. Asipojibu siku hiyo, mwulize tena kesho yake.